Nafasi Nyeupe ya Chini

Mama Picha alikuwa na ugonjwa mmoja usiotibika hospitali: kutaka kujua. Mteja akija kupigwa picha ya pasipoti, ataulizwa anakwenda wapi na nyumba anamwachia nani. Wakija mke na mume na kichanga chao, wataulizwa mtoto kafanana na nani, kisha kabla hawajajibu ataamua mwenyewe kwamba kamfuata shangazi. Fundi cherehani, jirani yake wa barazani, alikuwa akisema kamera ya mama huyu ina jicho moja lakini mwenyewe ana kumi. Mama Picha hakununa. Kuuliza si ujinga, alimjibu, na mtu anayekula kwa kutazama nyuso za watu atajizuiaje kutaka kujua yaliyo nyuma yake?

Studio yake ilikuwa chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia. Mbele kulikuwa na kaunta, kompyuta na printa. Nyuma kulikuwa na stuli ya mbao, taa mbili zenye miavuli myeupe, na kitambaa cha kijivu kilichoning'inia toka darini hadi sakafuni. Alirithi vyote hivyo kwa baba yake, isipokuwa kompyuta na printa. Tangu kila mtu awe na simu yenye kamera, kazi ilikuwa imepungua mpaka akabaki na pasipoti, mahafali, na wazee wasioamini simu. Kwa hiyo vijana walipoanza kuja, mmoja leo, mwingine wiki ijayo, wakitaka picha kubwa kwenye karatasi nzito, alimshukuru Mungu kwanza. Maswali yalikuja baadaye, tena kwa wingi.

Yalianza na koti. Kijana wa kwanza alivaa koti jeusi lenye kola pana, likamkaa kama alishonewa. Wa pili akaja na koti hilohilo, limembana mabegani. Wa tatu alikuwa msichana mwembamba mwenye sauti ya chini, na mikono ya koti ilimfunika vidole. Hayakuwa makoti yanayofanana, lilikuwa koti moja. Mama Picha alilitambua kwa kifungo cha pili, kilichokuwa cha kahawia wakati wenzake wote weusi, na fundi cherehani alipochungulia kupitia pazia alithibitisha kwamba uzi wa kile kifungo ulipigwa na mtu asiyejua kushona.

Tena hawakucheka. Mama Picha alikuwa na vichekesho vyake vya kazini, ambavyo viliwahi kumchekesha hata hakimu mmoja aliyekuja kwa picha ya kitambulisho, lakini vijana hawa walivisikiliza kama watu wanaosikiliza taarifa ya hali ya hewa. Walikaa wima, wakatazama kamera, wakapigwa, wakaenda zao. Picha hawakurudi kuzichukua. Aliyezichukua alikuwa Msafi.

Msafi alikuwa mtu wa miaka thelathini hivi, shati limepigwa pasi hata siku za tope, viatu vinang'aa. Aliingia kwa shikamoo, akatoka kwa asante, na kila alipoishika picha aliisifu. "Mama, mkono wako hauna mfano," alimwambia, na Mama Picha, ambaye wateja wengine walimlalamikia kwamba amewanenepesha, alivimba kichwa. Ndiye Msafi aliyeeleza tangu mwanzo namna picha zinavyotakiwa: kichwa hadi kifua, macho mbele, na chini kabisa iachwe nafasi nyeupe, upana wa vidole vitatu. Mama Picha aliuliza nafasi hiyo ni ya nini. Msafi akasema ni urembo tu. Mama Picha akapendekeza aweke maua. Msafi akatabasamu, akasema hapana, iachwe hivyohivyo.

Hiyo nafasi ndiyo iliyomnyima raha. Mpiga picha haachi mahali patupu bila sababu. Kilicho kitupu hungoja kujazwa. Yeye na fundi cherehani walilijadili jambo hili barazani kama wabunge. Mama Picha alisema ni kwaya, na chini yataandikwa majina ya waimbaji. Fundi akasema hajaona kwaya yenye koti moja. Labda ni timu ya mpira. Msichana je? Labda ni kampuni ya ulinzi, na koti ni sare. Fundi akasema kampuni ya ulinzi yenye sare moja italinda choo. Mwishowe Mama Picha alimuuliza kijana mmoja waziwazi, picha ni ya wapi. Kijana akajibu ya ukutani. Ukuta upi? Kwetu, akasema, na mdomo ukafungwa hapo.

Si kwamba Mama Picha alikuwa hajui vijana hao ni akina nani. Mwenye macho haambiwi tazama. Walikuwa watu wa ghalani, kundi lililojiwekea makao kwenye ghala lililoachwa nyuma ya soko, na mahasimu wao walikuwa wa ng'ambo ya daraja. Tangu makundi hayo yaote, maduka yalifungwa jua likiwa bado juu. Wanawake walivua hereni kabla ya kuvuka daraja, wakazivaa tena upande wa pili. Kinyozi wa pembeni alifunga kibanda kwa sababu kila kundi lilitaka kunyolewa kabla ya jingine. Watoto wadogo, ambao zamani walicheza mama na baba, sasa walijigawa pande mbili na kufukuzana kwa fimbo, na hakuna aliyetaka kuwa polisi. Mama Picha aliyajua yote hayo na akaendelea kupiga picha. Mteja ni mteja, alimwambia fundi, na picha haijawahi kumchoma mtu kisu.

Mtu mmoja tu hakuwahi kumuuliza, naye alikuwa kitindamimba wake. Watu walimwita Spana kwa sababu alijifunza ufundi kwenye gereji, ingawa mwenye gereji alikuwa hajamruhusu kugusa injini. Kazi yake ilikuwa kuosha vyuma kwa mafuta ya taa na kutumwa sigara. Kuna siku wa ng'ambo walimpiga pale darajani na kumnyang'anya simu, akarudi mdomo umevimba, akalala bila kula. Baada ya hapo alianza kurudi na wenzake. Alitembea kifua mbele. Wenye vibanda waliomwita "we kijana" sasa walimwita kaka. Mama yake aliyaona mabadiliko hayo akayafurahia, akadhani mtoto amekuwa mtu mzima. Mganga hajigangi, na mwanamke aliyehoji mji mzima hakukumbuka kuihoji nyumba yake.

Kisha likaja jambo la yule kijana wa pili, aliyebanwa na koti mabegani. Alichomwa kisu darajani asubuhi peupe, watu wakienda kazini, na hakuna aliyeona kitu, maana hakuna aliyetaka kuona. Mama yake aliuza mboga, na Mama Picha alikuwa mteja wake, kwa hiyo alikwenda kwenye mazishi pamoja na kina mama wengine. Spana alikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza. Mama Picha alipomwona mwanawe kalibeba kwa bega moja, uso umekauka, alijisemea kwamba alikuwa rafiki, vijana hujuana.

Picha ilikuwa imesimamishwa mbele ya jeneza, ndani ya fremu mpya inayometa. Na hapa msimwonee Mama Picha haya, kwa sababu yeye mwenyewe alijionea haya ya kutosha: jambo la kwanza lililomjia kichwani ni kwamba mwanga umekaa vizuri. Alijisikia fahari, pale pale, mbele ya maiti. Kisha macho yakateremka. Ile nafasi nyeupe ya chini haikuwa nyeupe tena. Iliandikwa kwa herufi nyeusi nadhifu, jina la kijana, tarehe ya kuzaliwa, kistari, na tarehe ya juzi.

Nafasi ilikuwa imemtosha kabisa. Vidole vitatu vilikuwa kipimo sahihi.

Muuza mboga aliinua kichwa akaitazama picha, akamuuliza aliye karibu naye, kwa sauti ya mtu anayetaka kuelewa tu, imetoka wapi. "Sijawahi kuiona hii," alisema. "Na hilo koti si lake. Mwanangu hakuwa na koti." Wanawake wakamshika mabega, wakamwambia anyamaze, asijichoshe. Msafi alikuwa amesimama kando ya fremu, viatu vyake havina hata vumbi la makaburini. Ndiye aliyeileta.

Mama Picha alirudi nyumbani kwa miguu. Jibu alilolitafuta muda wote ule alikuwa amelipata, na akatamani angebaki na swali lake. Walipokuja kwake, wakakaa wima bila kucheka, walikuwa wanapigwa picha za mazishi yao. Na yeye alikuwa amewalainisha nyuso kwenye kompyuta, akawaondoa chunusi, ili wapendeze.

Haikupita muda mrefu. Jioni moja alipeleka nguo zilizokauka chumbani kwa Spana, akafungua mlango, na nyuma ya mlango, kwenye msumari, lilining'inia koti jeusi lenye kola pana. Hakuhitaji kuwasha taa. Alipapasa kifungo cha pili kwa kidole gumba. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga, na yeye alikuwa ameishika nguo yenyewe. Akakaa kitandani kwa mwanawe na nguo safi mapajani. Aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa tangu amzae.

Alifikiria kulichoma moto. Lakini koti hushonwa jingine. Alifikiria kupiga kelele, kumfungia ndani, kumwita mjomba wake anayeishi mji mwingine. Lakini kijana wa umri ule ukimfungia mlango hutokea dirishani, na waliomsindikiza kuvuka daraja baada ya kile kipigo hawakuwa akina mjomba. Alifikiria kituo cha polisi, akakumbuka kwamba muuza mboga alikwenda huko mapema, mwanawe akiwa hai, akaambiwa arudi akiwa na ushahidi. Basi akapanga nguo kabatini, akatoka. Asubuhi, Spana akinywa chai, alimwambia mama yake bila kumtazama kwamba leo atapita studio, anahitaji picha. "Karibu," mama akasema.

Alikuja baada ya chakula cha mchana. Koti lilimkaa vizuri, na hilo lilimuumiza mama yake zaidi ya kila kitu. Alimkalisha kwenye stuli, akamsawazisha kola, akamwambia ainue kidevu.  Akapiga. Akachapisha. Akaacha nafasi chini, vidole vitatu. Kisha akaileta picha ikiwa bado na joto la printa, akaiweka mapajani kwa mwanawe pamoja na kalamu nyeusi.

"Andika jina," alisema.

Spana alimtazama, akaandika.

"Tarehe ya kuzaliwa niachie mimi. Hiyo naijua, nilikuwepo." Akaiandika. Akachora kistari. Halafu akamrudishia kalamu. "Hii ya pili siijui. Niambie nani anaijua."

Alikuwa amelipanga hilo tangu jana, akiwa na hakika kwamba mtoto hajui, kwamba akijua tu atashtuka na kulivua koti. Kumbe mpango wake wote haukuwa na kazi. Spana aliiweka kalamu chini taratibu.

"Mama, sote tunajua ni za nini. Ndiyo maana yake hiyo. Ukikubali kupigwa, umeonyesha huogopi. Msafi anasema mtu akishaiona picha yake ya mwisho, hakuna wa kumtisha tena." Akaongeza, kwa sauti ya kutaka kumfurahisha, "Mimi ndiye niliyemleta kwako. Nilimwambia mama yangu ndiye anayejua hii kazi."

 Mama Picha alikuwa ameamini kwamba kujua huokoa. Huyu alikuwa anajua, na alikuwa amekaa palepale, kidevu juu, akiona fahari. Alitaka kulia na alitaka kumzaba kibao, na hakufanya hata moja kwa sababu pazia lilifunuliwa na Msafi akaingia.

Akaamkia. Akaichukua picha, akaipeleka kwenye mwanga, akasifu. Hii ndiyo nzuri kuliko zote, alisema, damu ya mpiga picha inajionyesha. Aliona jina na tarehe tayari vimeandikwa, akasita kidogo.

Na hapo ule ugonjwa wa Mama Picha ukampanda. Baadaye fundi cherehani alitangaza baraza nzima kwamba ulikuwa ujanja mkubwa, lakini haukuwa ujanja. Mwanamke alikuwa ameishiwa na kila kitu, na kilichobaki chini ya chungu kilikuwa swali, kwa sababu alizaliwa hivyo.

"Baba, nikuulize," alisema. "Ya kwako alipiga nani?"

"Yangu ipi, mama?"

"Ya ukutani. Hawa wote nimewapiga mimi. Yako sijaiona. Nataka tu kujua ulipiga kwa nani, niione kazi yake."

Msafi alicheka kwa heshima. Alieleza kwamba yake haihitajiki, kwamba lazima awepo mtu wa kuzitunza za wenzake, kuzipeleka zinakotakiwa, kusimama na familia. Kila nyumba ina kazi zake, alisema. Mama Picha alitikisa kichwa kama anayeelewa, lakini hakuwa ameelewa, na asipoelewa huwa hanyamazi. Akauliza kama yeye hapiti darajani. Akauliza kama kisu humjua mtu kwa viatu. Akamwambia kama ni suala la nafasi tu, taa bado zinawaka na yeye ana muda, akae sasa hivi, iwe zawadi yake kwa mteja mzuri.

Spana alikuwa ameinua kichwa. Katika miezi yote aliyolala akiitamani ile nafasi ukutani, akizihesabu sura za wenzake pale ghalani, halikuwahi kumjia swali hili. Aliangalia uso wa Msafi, akaendelea kuuangalia. Kisha akasimama kutoka kwenye stuli. Akalivua koti, akalipiga vumbi ambalo halikuwepo, akalishika kwa mabega kama mtu anayemvisha mkubwa wake.

"Kaa, kaka," alisema.

"Siku nyingine. Nina haraka."

"Ni dakika moja tu. Mimi nimekaa."

Msafi aliangalia koti, akaangalia stuli. Ilikuwa stuli ya kawaida, iliyokaliwa na maharusi na watoto wa chekechea, lakini alirudi nyuma hatua moja, bega likagonga mwavuli wa taa ukayumba. Jasho lilimtoka juu ya mdomo na hakulifuta. Kisha heshima yote ikamtoka usoni, akamuuliza Spana kwa sauti ya chini kama anajua anachokifanya.

"Najua," Spana alisema. Hakulishusha koti. "Nakungoja ukae."

Hakukaa. Alitoka akapita baraza bila kuaga, na picha akaiacha imeanguka sakafuni. Fundi cherehani aliyekuwa akisikiliza aliusimamisha mguu wake juu ya cherehani mpaka viatu vile vilipofika mwisho wa barabara.

Spana alibaki ameshika koti lisilo na mtu. Mama yake alidhani atakasirika, au ataogopa, maana la kuogopa lilikuwapo. Watu wa ghalani hawasahau, na kabla ya jua kuzama ilibidi awe ndani ya basi la kwenda kwa mjomba wake. Lakini kijana alikuwa akilia, mdomo wazi, kama alivyolia alipokuwa mdogo.

"Hakukaa, mama," alisema. "Mwenzangu aliambiwa kaa, akakaa. Hata hakuuliza."

Mama Picha alimkumbatia, akamwacha amalize. Alifikiria bega lililobanwa na koti, na muuza mboga aliyetaka kujua picha imetoka wapi, ambaye alistahili kujibiwa na yeye siku ileile na hakujibiwa. Alifikiria nyuso nyingine zilizokuwa bado ukutani kwenye ghala, kila moja na nafasi yake nyeupe chini. Hizo alizipima yeye.

Alizima taa, akachukua ufunguo wa mlango, akamfuta mwanawe machozi kwa kiganja.

"Yule msichana mwembamba," aliuliza, "mama yake anakaa wapi?"